Kila Mtetemo Una Namba Yake: Niliyojifunza Katika Kutuliza Mashine na Kulinda Vyombo Nyeti

Kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa ni kuitwa mahali ambapo mashine inatikisa jengo, au ambapo chombo nyeti kama hadubini au mizani ya maabara kimekataa kutulia, na karibu kila ninapofika nakuta tayari kuna kitu laini kimeshawekwa chini ya mashine. Wakati mwingine ni vipande vilivyokatwa kwenye tairi kuukuu, wakati mwingine ni vibao vya mpira vya kununua, na wakati mwingine ni sponji iliyokwisha kulala chini ya uzito. Nia huwa njema, na mara mojamoja jambo hilo husaidia, lakini mara nyingi halibadilishi kitu, na kuna nyakati linazidisha tatizo. Sababu ni moja, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa kwa kirefu. Kila mtetemo una namba yake, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, ambayo tunaiita masafa na kuipima kwa hezi, na tiba yoyote isiyoanzia kwenye namba hiyo ni kubahatisha.

Nichukue mfano wa pampu ya maji iliyokuwa imefungwa kwenye sakafu ya zege ya ghorofa. Mota yake ilizunguka karibu mara 1,500 kwa dakika, na ukigawa kwa 60 unapata mizunguko 25 kwa sekunde, basi mtetemo wake mkuu ulikuwa wa hezi 25. Waliokuwa wakiitunza walikuwa wameinyanyua na kuikalisha juu ya vibao vya mpira mgumu, wakashangaa kuona kwamba pampu inacheza kuliko pale ilipokuwa imekazwa moja kwa moja kwenye zege. Nilipima unene wa kibao kisichobeba kitu, kisha nikapima vile vilivyokuwa chini ya pampu, nikakuta vimebonyea kwa takriban nusu milimita tu. Kipimo hicho kidogo kilieleza karibu kila kitu.

Kitu chochote kinachokaa juu ya springi au mpira kina masafa yake ya asili, yaani kasi ambayo kingecheza nayo chenyewe kama ungekisukuma mara moja na kukiacha. Masafa hayo unaweza kuyakadiria kwa kujua tu springi imebonyea kiasi gani chini ya uzito inaoubeba: unachukua 15.8 na kuigawa kwa kipeuo cha pili cha mbonyeo uliopimwa kwa milimita. Mbonyeo wa milimita 1 unatoa karibu hezi 16, wa milimita 10 unatoa hezi 5, na wa milimita 25 unatoa hezi 3 na kidogo. Nusu milimita inatoa hezi 22, na kwa kuwa mpira unaotikiswa haraka huwa mgumu kuliko unaokandamizwa taratibu, masafa halisi ya pampu ile juu ya vibao vyake yalikuwa yamesogea hadi kando kabisa ya hezi 25. Mwendo wa mota na masafa ya asili ya vibao vilikuwa vinaitikiana, hali ambayo wahandisi huiita rezonansi, na kila mzunguko wa shafti uliongeza nguvu kwenye mchezo uliokwisha kuanza.

Ndipo ilipo kanuni ambayo natamani kila fundi wa mashine angeijua mapema. Springi au mpira hauanzi kupunguza mtetemo unaoshuka kwenye sakafu mpaka masafa ya mashine yawe zaidi ya mara 1.41 ya masafa ya asili ya mashine hiyo juu ya springi zake. Chini ya mpaka huo, kitu laini kinaongeza mtetemo badala ya kuupunguza. Masafa ya mashine yakiwa mara mbili ya yale ya asili, nguvu inayofika sakafuni hubaki kama theluthi moja. Yakiwa mara tatu, hubaki moja ya nane. Yakiwa mara nne, hubaki moja ya kumi na tano. Kwa pampu ile ya hezi 25 tuliweka springi za chuma zinazobonyea karibu milimita 25, ambazo masafa yake ya asili ni hezi 3 na kidogo, na kwa hesabu nguvu inayopita ikabaki chini ya asilimia 2. Niseme pia kwamba hesabu hiyo haijali mashine ni nzito au nyepesi, inajali mbonyeo. Watu wengi huniuliza, "Mashine ya uzito huu inahitaji mpira wa unene gani?" nami huwajibu kwamba unene si kitu, niambieni mashine inazunguka kwa kasi gani ndipo tujue mpira au springi ibonyee kiasi gani.

Mpira wenyewe una tabia moja ambayo wengi hawaijui: haupungui ujazo ukikandamizwa, bali hupanuka kwa pembeni. Ukiuzungushia fremu ya chuma inayoubana kila upande, hauna pa kwenda, na hapo unakuwa mgumu karibu kama ubao. Ndiyo sababu vibao vizuri vina mifereji au matundu. Nafasi ile tupu ndiyo inayofanya kazi. Mafuta na joto navyo huugeuza mpira wa kawaida kuwa mgumu au kuuvimbisha, na kibao kilichofanya kazi vizuri siku kilipowekwa kinaweza kuwa hakina faida yoyote baadaye bila mtu kugundua, kwa sababu kwa macho bado ni kibao kilekile cheusi.

Springi zilipokwisha kuwekwa chini ya pampu, sakafu ilitulia, lakini chumba cha pili kiliendelea kunguruma. Niliegemeza kiganja kwenye bomba la kutolea maji, nikausikia mtetemo ukipita kama ulivyokuwa ukipita awali, kisha nikafuata bomba hadi lilipoingia ukutani, ambako lilikuwa limebanwa kwa kibanio cha chuma na kuzungushiwa saruji. Pampu ilikuwa imetengwa na sakafu kwa uangalifu mkubwa, na wakati huohuo imeunganishwa na ukuta kwa chuma kitupu. Tulikata bomba karibu na pampu pande zote mbili, la kuingizia na la kutolea, tukaweka viungio vya mpira vinavyokunjika, kisha tukapanua tundu la ukutani ili bomba lisiguse saruji, na nafasi iliyobaki tukaijaza kwa kitu laini kisichobana. Hapo ndipo ukuta uliponyamaza. Tangu wakati huo, kila ninapokagua mashine iliyokalishwa juu ya springi, nautumia muda mwingi zaidi kutafuta mahali ambapo kitu kigumu kimeruka springi hizo na kuunganisha mashine na jengo: bolti iliyopita katikati ya kibao cha mpira na kukazwa hadi chini, waya mnene wa umeme uliovutwa bila ulegevu, jiwe au kipande cha zege kilichodondoka chini ya fremu wakati wa ujenzi, au vile vyuma vya kufungia mashine wakati wa kusafirishwa ambavyo hakuna aliyekumbuka kuvitoa. Njia moja tu kama hiyo inatosha kuharibu kazi yote.

Hata hivyo, kutenga mashine na sakafu hakuiponyi mashine. Pampu inayocheza kwa sababu shafti yake haijanyooka itaendelea kuua beringi zake juu ya springi nzuri kama ilivyokuwa ikiziua juu ya zege. Kwa hiyo kabla ya kufikiria springi napenda kwanza kuuliza mtetemo unatoka wapi, na hapa tena ni ile namba inayojibu. Nabandika kihisio, yaani kifaa kidogo cha kupimia mtetemo, kwenye nyumba ya beringi kwa sumaku, napima kwa ulalo, kwa wima na kwa mwelekeo wa shafti, halafu natazama grafu inayoonyesha kila masafa na ukubwa wake. Mtetemo ulio mkubwa kwenye masafa ya mzunguko wenyewe, mara moja kwa kila mzunguko, mara nyingi ni wa uzito usiolingana kwenye kitu kinachozunguka. Ulio mkubwa kwenye mara mbili ya mzunguko, hasa ukiwa mkali pia kwa mwelekeo wa shafti, unanifanya nishuku kwamba shafti ya mota na ya pampu hazijapangwa kwenye mstari mmoja. Mkanda mbovu huonekana chini ya masafa ya mzunguko, mapanga ya feni huonekana kwenye masafa ya mzunguko yaliyozidishwa kwa idadi ya mapanga hayo, na beringi inayoanza kuchakaa hutoa masafa ya juu ambayo hayagawiki sawasawa kwa mzunguko. Ni viashiria tu, havitoi hukumu. Mguu uliolegea au fremu inayoitikia vinaweza kuiga karibu kila kimoja kati ya hivyo.

Kuna jaribio moja ambalo halihitaji chombo cha thamani na ambalo limenisaidia sana. Mashine ikiwa inazunguka kwa kasi kamili, zima umeme huku ukiuangalia mtetemo. Ukitoweka papo hapo wakati shafti bado inazunguka kwa nguvu ya mwendo wake, tatizo ni la umeme ndani ya mota, na kwenye umeme wa hezi 50 mara nyingi utakuwa umeliona kwenye hezi 100. Ukipungua polepole pamoja na kasi, tatizo ni la mitambo. Na kama mashine inapopungua kasi inafika mahali inatetemeka kwa nguvu kwa muda mfupi kisha inatulia, umepita kwenye masafa ambayo fremu au msingi unaitikia, na ni vizuri kuandika kasi hiyo mahali.

Kuhusu uzito usiolingana, hesabu yake inapaswa kumtisha kila mtu anayesimama karibu na feni kubwa. Gramu 10 tu zilizokaa sentimita 30 kutoka katikati, kwenye kitu kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika, huvuta kwa nguvu ya karibu nyutoni 300, sawa na uzito wa kilo 30, na mvuto huo hubadili mwelekeo mara 50 kila sekunde. Ukishusha kasi hadi nusu, nguvu inabaki robo. Katika feni zinazopitisha hewa yenye vumbi, nimeona mara nyingi kwamba kusawazisha uzito hakukuhitajika kabisa: vumbi lilikuwa limeganda kwenye mapanga, kipande kimoja kikabanduka, na uzito ukaegemea upande mmoja. Kukwangua na kuosha mapanga yote hadi chuma kionekane kulitosha. Anayekimbilia kuchomelea vipande vya kusawazisha kwenye panga chafu anasawazisha vumbi, na vumbi hilo halitakaa hapo.

Jambo jingine ambalo hupuuzwa ni miguu ya mashine. Mota ina miguu minne, na mguu mmoja usipokaa sawasawa kwenye kitako, kukaza bolti yake kunapinda mwili wa mota na kuhamisha beringi kutoka kwenye mstari wake. Napachika geji ya mshale ili ncha yake iguse mguu kwa juu, nalegeza bolti moja tu huku nyingine zikiwa zimekazwa, kisha nautazama mshale. Ukiruka zaidi ya milimita 0.05, mguu ule ulikuwa unalazimishwa. Tunajaza nafasi kwa vibati vyembamba vya chuma kisichoshika kutu, vichache iwezekanavyo, kwa sababu rundo la vibati vingi hugeuka kuwa springi lenyewe. Kisha narudia mguu kwa mguu, na baada ya hapo ndipo napanga shafti kwenye mstari. Nimewahi kuona mtetemo ukishuka hadi chini ya nusu kwa kazi hiyo ya vibati peke yake, bila kubadilisha kifaa chochote, na ni miongoni mwa kazi zinazonipa furaha kuliko zote katika ufundi huu, kwa kuwa mashine haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa imefungwa vibaya tu.

Kwa kupima kama hali ni nzuri au mbaya, wengi wetu tumekulia kwenye viwango vya kimataifa vya mtetemo vya ISO 10816, ambavyo sasa vimerithiwa na ISO 20816. Kwa mashine za kati, zenye mota za kilowati 15 hadi 75, jedwali lake la jumla liliweka kasi ya mtetemo ya milimita 1.12 kwa sekunde kuwa mpaka wa hali ya mashine mpya, milimita 2.8 kuwa mpaka wa kufanya kazi bila wasiwasi, na milimita 7.1 kuwa mahali ambapo uharibifu unatarajiwa. Namba hizo ni za msaada, lakini mimi huamini zaidi mabadiliko ya mashine moja kwa wakati kuliko kuilinganisha na jedwali.

Wakati mwingine chanzo hakina kosa kubwa na bado kuna mtetemo mkali, kwa sababu fremu inaitikia. Feni iliyokaa juu ya fremu ndefu ya vyuma vyembamba ndiyo mfano wa kawaida. Mashine ikiwa imezimwa, naigonga fremu kwa nyundo ya mpira huku kihisio kikirekodi, na fremu hunijibu kwa masafa yake ya asili. Yakiwa yamekaribiana na mzunguko wa feni, kusawazisha uzito kutasaidia kwa muda tu, kwani gramu chache za vumbi zitarudisha hali ileile. Hapo kuna njia tatu: kuikaza fremu kwa vyuma vya mshazari ili masafa yake yapande, kubadilisha kasi ya feni kwa puli nyingine au kwa kifaa cha kudhibiti kasi ya mota, ambacho pia unaweza kukiamuru kiruke kasi fulani, au kuongeza uzito mdogo juu ya springi yake uliopangwa kwa masafa yaleyale ili wenyewe ucheze badala ya fremu. Njia hii ya tatu ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1911 kwa jina la Mjerumani Hermann Frahm, na ndiyo iliyomo kwenye vile vyuma viwili vidogo vinavyoning'inia karibu na nguzo kwenye nyaya za umeme mkubwa, vilivyobuniwa na George Stockbridge katika miaka ya 1920 ili upepo usiziue nyaya kwa mtetemo. Jengo la Taipei 101 lina tufe la chuma la tani 660 linalofanya kazi kwa msingi huohuo. Mimi mwenyewe hupendelea vyuma vya mshazari pale vinapowezekana, kwa sababu havihitaji kupangwa upya kila hali inapobadilika.

Upande wa vyombo nyeti, hesabu ni ileile lakini mwelekeo umegeuka: sasa sakafu ndiyo inayotikisa na chombo ndicho tunachokilinda. Tofauti kubwa ni kipimo. Vigezo vinavyotumika sana katika maabara, vilivyoanzishwa na Eric Ungar na Colin Gordon mwanzoni mwa miaka ya 1980, huanzia mikromita 50 kwa sekunde (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa hadubini za kawaida zinazokuza hadi mara 400, na kushuka hadi karibu mikromita 3 kwa vyombo vinavyodai utulivu mkubwa kabisa. Mtu huanza kuhisi mtetemo kwenye karibu mikromita 100 kwa sekunde. Kwa maneno mengine, sakafu ambayo mguu wako unaiona imetulia kabisa inaweza kuwa inaharibu kila picha unayopiga, na kumwambia mtaalamu wa maabara kwamba "mbona hapa hakuna mtetemo" ni kumkosea haki.

Katika maabara moja ya ghorofani, hadubini ilikuwa katikati ya chumba, mbali na kuta, kwa sababu ilionekana kuwa mahali pa amani. Tuliweka sahani pana yenye maji juu ya meza, tukaelekeza mwanga mwembamba wa leza juu ya maji hayo, tukatazama doa lililoakisiwa darini. Mtu alipopita kwenye ujia wa nje, doa lilicheza na kuendelea kucheza baada ya hatua zake kupita. Sakafu ya ghorofa hupinda zaidi katikati ya nguzo zake, na masafa yake ya asili mara nyingi huwa chini ya hezi 15, huku hatua za mtu anayetembea zikiwa karibu mbili kwa sekunde pamoja na masafa yanayozidishwa kutokana nazo. Tuliihamishia hadubini kando ya nguzo, na doa likatulia kwa sehemu kubwa kabla hatujanunua kitu chochote. Kama kuna chumba cha chini kinachokaa moja kwa moja juu ya ardhi, hicho ni bora zaidi.

Meza zinazoelea juu ya hewa ni msaada mkubwa, kwa kuwa masafa yake ya asili huwa kati ya hezi 1 na 2, chini kuliko springi nyingi za chuma zinavyoweza kufika bila kuwa ndefu na kuyumbayumba. Lakini nimezikuta nyingi hazielei: hewa imepungua na meza imekaa juu ya chuma chake, au fungu la nyaya nene limevutwa kutoka ukutani, au kompyuta yenye feni imewekwa juu ya meza yenyewe, na hivyo mtetemo uliozuiwa usitoke sakafuni unazalishwa palepale juu. Kwanza naisukuma meza kidogo kwa kidole. Ikielea huyumba taratibu na kurudi, na isipoelea nahisi ugumu. Kwa mizani inayopima hadi sehemu ya kumi ya miligramu, bamba zito la jiwe juu ya miguu yake yenyewe, lisiloguswa na meza ya kuandikia, mara nyingi linatosha, ilimradi pia upepo wa kiyoyozi usipige moja kwa moja. Kelele nazo zina sehemu yake hapa, kwa kuwa sauti nzito angani husukuma mwili wa hadubini kama inavyosukuma ngoma ya sikio, na hakuna springi ya chini inayoweza kuizuia.

Ukitaka kuona kanuni hii ya kutenga ikifikishwa kileleni, itazame mitambo ya LIGO ya Marekani, iliyonasa mawimbi ya uvutano kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015. Vioo vyake vya kilo 40 vimening'inizwa kwa pendulumu za hatua nne, kila hatua ikipunguza tena mtikisiko ulioachwa na ile ya juu yake, kwa sababu pendulumu nayo hutenga kila kitu chenye masafa ya juu kuliko yake. Sikuwahi kujenga kitu cha aina hiyo, lakini kwa chombo chepesi nimewahi kuning'iniza bamba zito kwa kamba ndefu na kupata utulivu ambao vibao vya mpira havikunipa.

Kelele ni mlango wa pili wa tatizo hilohilo, na kosa lake kubwa ni kutibu njia isiyo sahihi. Sauti inayosafiri ndani ya chuma na zege haisikii sponji ya ukutani, na sauti inayosafiri hewani haijali springi. Sponji na vitambaa hufyonza mwangwi ndani ya chumba. Havizuii sauti kutoka. Kinachozuia ni uzito usio na upenyo, na hata huo una gharama, kwa kuwa kuongeza uzito wa ukuta mara mbili hukupa karibu desibeli 6 tu, desibeli zikiwa ndizo kipimo cha ukubwa wa sauti. Upenyo ndio adui. Kasha la jenereta lenye mwanya wa asilimia 1 tu ya eneo lake haliwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata kuta zake ziwe nene namna gani. Kwa sababu injini lazima ipumue na kupoa, hewa inapitishwa kwenye njia pana zenye kona, zilizofunikwa ndani kwa kitu kinachofyonza sauti, na kasha halipaswi kugusa fremu ya injini mahali popote.

Hesabu ya desibeli nayo inasaidia kupanga kazi. Mashine mbili zenye kelele sawa zikiwa pamoja, kuzima moja kunapunguza desibeli 3 tu. Moja ikiwa na desibeli 95 na nyingine 85, kuinyamazisha kabisa ile ya 85 hakutambuliwi na sikio la mtu yeyote, kwa hiyo kila mara naanza na iliyo kubwa. Feni ikiruhusu, kupunguza kasi yake kwa moja ya tano hupunguza kelele kwa karibu desibeli 5, na hiyo ni tiba isiyohitaji sponji wala ukuta. Mabati ya kufunikia mashine yanayolia hutulia yakibandikwa bati la pili lenye tabaka la gundi nyororo katikati, kwa kuwa tabaka hilo hubadilisha mtetemo kuwa joto. Na kama bati ni kinga tu dhidi ya mikono, bati lenye matundu hutoa sauti ndogo kuliko lililo zima. Wakati kazi hizo zikiendelea, wanaofanya kazi hapo wavae vizibo vya masikio. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kwamba mtu asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda huo upunguzwe kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 94 inabaki saa moja. Sikio lililoharibiwa na kelele halirudi, na nimefanya kazi na mafundi hodari ambao leo hawasikii tena beringi inayoanza kulalamika.

Kazi ikimalizika, napaka alama ya rangi mahali kihisio kilipobandikwa, naandika kasi, mzigo na kipimo cha kila mwelekeo, na kwenye mashine zilizo juu ya springi naandika pia urefu wa kila springi ikiwa imebeba. Anayekuja kukagua baadaye hahitaji kihisio kwa ukaguzi wa kwanza. Rula inatosha kumwonyesha springi iliyolala, kibao cha mpira kilichokufa, au fremu iliyoegemea upande mmoja kwa sababu mtu aliongeza tangi la maji juu yake bila kuongeza springi.